Kampuni, Dola na Kazi ya Shuruti: Dhamana ni ya Nani?

Februari 28, 2020, Mahakama ya Juu ya Kanada ilitoa uamuzi ambao hadi leo watu wanausoma kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaosema kampuni ya madini ya Nevsun, yenye makao makuu Vancouver, ilitiwa hatiani kwa kutumia watumwa katika mgodi wa Bisha nchini Eritrea. Wapo wanaosema kampuni hiyo ilisafishwa, kwa kuwa kesi ilimalizika mwaka huohuo kwa suluhu ya nje ya mahakama. Wote wamekosea. Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba madai ya wafanyakazi hao yanaweza kusikilizwa Kanada, na kwamba haitoshi kampuni kujitetea kwa kusema makatazo ya kimataifa dhidi ya utumwa na kazi ya shuruti yanazihusu serikali peke yake. Ushahidi wenyewe haukuwahi kupimwa, kwa hiyo hakuna aliyepatikana na hatia wala aliyeondolewa lawama.

Mkanganyiko wa namna hiyo hujitokeza kila jambo hili linapozuka, iwe ni pamba ya Uzbekistan, bomba la gesi la Myanmar au paneli za sola zenye malighafi ya Xinjiang. Shirika la Kazi Duniani (ILO) na washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya shuruti, na kati yao milioni 3.9 walilazimishwa na dola. Hao milioni 3.9 ndio wachache, lakini kesi yao ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu polisi, mahakama na mkaguzi wa kazi ambao wangewakimbilia wako chini ya mkono uleule unaowalazimisha.

Swali basi ni hili: dola ikiwalazimisha raia wake kufanya kazi, na kampuni ya kigeni ikafaidika na jasho lao, kampuni hiyo inawajibika kwa lipi, na ilipaswa kufanya nini? Majibu yanayotolewa ni manne. Kila moja lina nguvu yake na lina ufa wake.

Mgodi wa Bisha ulivyoendeshwa

Bisha iko takriban kilomita 150 magharibi ya Asmara. Mgodi ulimilikiwa kwa ubia: Nevsun asilimia 60, na shirika la madini la serikali ya Eritrea asilimia 40. Ujenzi ulianza 2008 na uzalishaji wa kibiashara ukaanza 2011.

Eritrea ina sheria ya utumishi wa taifa ya mwaka 1995 inayotaja miezi 18: sita ya mafunzo ya kijeshi, kumi na miwili ya kazi. Baada ya vita vya mpakani na Ethiopia vya 1998 hadi 2000, kikomo hicho kilibaki kwenye karatasi. Vijana walishikiliwa miaka mingi kwa posho ndogo, wakipelekwa mashambani, kwenye barabara na kwenye miradi ya makampuni ya chama tawala na ya jeshi. Hata mkataba wa amani na Ethiopia wa 2018 haukuuondoa utaratibu huo. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihitimisha mwaka 2016 kwamba yaliyokuwa yakitendeka ni pamoja na kuwafanya watu watumwa, na kwamba hayo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Serikali ya Asmara ilikanusha, ikisema utumishi huo ni ulinzi wa nchi iliyozungukwa na vitisho.

Utaratibu huo unadaiwa kuingia mgodini kupitia mkandarasi mdogo. Kampuni ya ujenzi ya Segen, mali ya chama tawala, ilipewa sehemu ya kazi. Kwa mujibu wa ripoti ya Human Rights Watch ya Januari 2013, Nevsun iliposikia tuhuma kwamba Segen inatumia vijana wa utumishi wa taifa, iliomba kuwahoji wafanyakazi wake na kuona wanakolala. Segen ilikataa, lakini ikaendelea kupewa kazi. Nevsun ilijibu kwamba ilikuwa imedai hakikisho la maandishi kuwa watumishi hao hawatatumika, na ikaeleza masikitiko endapo jambo hilo lilitokea mwanzoni mwa ujenzi.

Walalamikaji waliofungua kesi British Columbia mwaka 2014, wote wakiwa wamekwisha kutoroka nchi, walidai mengi zaidi. Walisema walifanya kazi siku sita kwa wiki, kwenye joto linalokaribia nyuzi 50. Walieleza adhabu moja iliyoitwa helikopta: mtu anafungwa viwiko kwa nyuma na miguu kwenye vifundo, kisha anaachwa juani kwa saa nzima. Hayo yanabaki kuwa madai. Hata hivyo, namna kazi ilivyopangwa, yaani dola, mbia wake na mkandarasi wa chama tawala, inatosha kuonyesha ugumu wa swali lenyewe.

Mpaka wa kazi ya shuruti, na ngazi za kuhusika

Mkataba Namba 29 wa ILO wa mwaka 1930 unaeleza kazi ya shuruti kuwa ni kazi anayotozwa mtu kwa tishio la adhabu, ambayo hakujitolea mwenyewe kuifanya. Unaacha nje kazi ya kijeshi hasa. Msomaji wa Tanzania aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria anaweza kuuliza kama naye alikuwa katika kazi ya shuruti. Vigezo viwili vinasaidia kutenganisha: muda, na anayefaidika. Utumishi ambao kikomo chake kinajulikana tangu mwanzo na kinaheshimiwa si sawa na ule usio na mwisho. Na kumfunza kijana kulinda nchi si sawa na kumpeleka ajenge mgodi wa wenye hisa. Mkataba Namba 105 wa mwaka 1957 unaongeza katazo la wazi: kukusanya nguvu kazi kwa shuruti kwa ajili ya maendeleo ya uchumi.

Mikataba hiyo ilizaliwa katika mazingira ambayo eneo letu linayajua vizuri. Katika Kongo ya Wabelgiji, kilimo cha pamba kilifanywa cha lazima kuanzia 1917. Serikali ya kikoloni ilimlazimisha mkulima alime, na kampuni zilizopewa ukiritimba wa kununua katika kanda zao zilichukua pamba kwa bei iliyopangwa. Kampuni haikuhitaji kushika kiboko, kwani dola ilishika kwa niaba yake. Mgawanyo huo wa kazi kati ya anayelazimisha na anayepokea ndio unaojirudia leo.

Kuna ngazi nne za kuhusika, na mjadala mwingi huharibika kwa kuzichanganya. Ya kwanza ni kumtumia moja kwa moja mtu aliyelazimishwa. Ya pili ni kumtumia kupitia mbia au mkandarasi. Ya tatu ni kununua bidhaa iliyotoka mikononi mwake. Ya nne ni kuwapo tu nchini, ukilipa kodi na mrabaha. Anayesema kampuni zote zilizomo katika nchi ya kidikteta zina hatia sawa amezifuta ngazi hizo. Anayesema hakuna kampuni yenye hatia mpaka meneja wake aonekane na fimbo mkononi amezifuta vilevile, kutokea upande wa pili.

Msimamo wa kwanza: mwenye kosa ni serikali

Watetezi wa msimamo huu husema kampuni hutii sheria za nchi iliyoikaribisha. Haitungi sheria ya utumishi wa taifa na haina jeshi. Mbia wa serikali hupewa nafasi kwa masharti ya leseni, na mkandarasi wa chama huletwa kwa shinikizo. Wanaongeza hoja yenye uzito barani Afrika, kwamba mahakama za nchi tajiri kuhukumu mambo ya ndani ya nchi maskini kunanukia ukoloni.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unamtaja mkosaji mkuu. Palipo na dola inayolazimisha, dola ndiyo ya kwanza kulaumiwa, na kuishambulia kampuni peke yake kunaweza kuwa njia rahisi ya kuikwepa serikali.

Udhaifu wake ulionekana Nuremberg. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakuu wa makampuni ya Flick, Krupp na IG Farben walijitetea kwamba utawala wa Hitler uliwaletea wafanyakazi wa shuruti na hawakuwa na njia ya kukataa. Mahakama hazikuutupa utetezi huo moja kwa moja. Katika kesi ya Flick ulikubaliwa kwa baadhi ya washtakiwa, ukakataliwa pale ilipoonekana kampuni yenyewe ilihangaika kuongeza uzalishaji ikijua nguvu kazi itatoka wapi. Katika kesi ya Krupp ulikataliwa. Katika kesi ya IG Farben, iliyojenga kiwanda karibu na Auschwitz, washtakiwa 13 kati ya 23 waliofikia hukumu mwaka 1948 walitiwa hatiani kwa makosa mbalimbali.

Kipimo kilichotumika hapo ni kama kampuni ilisukumwa au ilijipeleka. Kiwanda cha Ujerumani ya 1943 kilikuwa ndani ya dola iliyoweza kumnyang'anya mwenye kiwanda. Kampuni ya kigeni ya leo hutuma maombi ya leseni, hujadili mkataba na hutafuta mikopo. Inaingia kwa hiari yake, na kwa hiyo hoja ya kulazimishwa haiifai.

Msimamo wa pili: heri kubaki na kurekebisha

Hoja hapa ni kwamba kampuni makini ikiondoka, nafasi yake huchukuliwa na isiyojali. Ikibaki inaweza kulipa mishahara ya haki, kufunza watu na kudai masharti kwa upole. Mwishoni mwa 2018 Nevsun ilinunuliwa na Zijin ya China, na mgodi ukaendelea kama kawaida. Aliyedhani mwekezaji wa Magharibi akitoka mgodi utafungwa alipata jibu.

Kuna ukweli mwingine mchungu unaoutia nguvu msimamo huu. Kampuni ikiondoka, kijana wa utumishi wa taifa harudi kwao. Anahamishiwa shamba la jeshi au barabara nyingine, ambako huenda hata mwandishi wa ripoti hafiki.

Tatizo ni kwamba ushawishi hutajwa sana lakini haupimwi. Mfano wa kuangalia ni bomba la gesi la Yadana, Myanmar, lililojengwa miaka ya 1990 na Total ya Ufaransa, Unocal ya Marekani na washirika wao, likiwamo shirika la serikali. Wanavijiji walidai kwamba askari waliolinda njia ya bomba waliwalazimisha kubeba mizigo na kufyeka njia. Nyaraka za kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 1996 zilionyesha kwamba, kabla Unocal haijawekeza, washauri iliowaajiri walikwisha kuieleza kwamba serikali hiyo ina mazoea ya kutumia kazi ya shuruti. Iliwekeza hata hivyo. Kesi iliisha kwa suluhu, na Total nayo ikafikia suluhu Ufaransa mwaka 2005. Total ilitangaza kujitoa Januari 2022, karibu mwaka mzima baada ya jeshi kupindua serikali ya kiraia. Kama miaka hiyo yote ya kubaki iliwalainisha majenerali, mapinduzi ya 2021 hayakuonyesha hivyo.

Udhaifu wa pili uko katika ukaguzi. Mkaguzi wa kijamii hufika kiwandani kwa miadi, huangalia vitabu vya mishahara, huchagua wafanyakazi kadhaa na kuwahoji chumbani kupitia mkalimani. Mfumo huo unafanya kazi pale ambapo mfanyakazi anaweza kusema "nililetwa kwa nguvu" kisha akalala kwake usiku ule. Mahali ambapo jibu hilo litampeleka kizuizini, au litawaponza wazazi wake, kila dodoso litajazwa vizuri. Ndiyo sababu Septemba 2020 kampuni kadhaa za ukaguzi, zikiwamo Bureau Veritas na TÜV SÜD, ziliacha kukagua kazi Xinjiang. Waliokuwa wakiuza vyeti wenyewe walikiri kwamba cheti cha huko hakithibitishi kitu.

Msimamo wa tatu: ondokeni, mfunge soko

Msimamo huu unasema pesa ndiyo lugha inayosikika, na mfano unaopendwa ni Uzbekistan. Tangu enzi za Kisovieti, kila vuli serikali iliwatoa walimu, wauguzi na wanafunzi wakachume pamba. Kila mtu alipangiwa kilo za siku, na asiyeweza kwenda alilipa mtu wa kumshikia zamu. Zahanati zilibaki na wahudumu wachache wakati wa mavuno. Makampuni ya nguo zaidi ya 300 yaliahidi kutotumia pamba ya nchi hiyo. Machi 2022 ILO ilitangaza kwamba msimu wa 2021 haukuwa tena na kazi ya shuruti ya kimfumo, na wanaharakati wakaondoa wito wa kususia.

Haya ni mafanikio ya kweli, ila hayakuletwa na mgomo wa wanunuzi peke yake. Rais Islam Karimov alifariki 2016, na mrithi wake, Shavkat Mirziyoyev, alitaka wawekezaji na mikopo. ILO ilikuwa ikifuatilia mavuno mashambani kwa mpango uliofungamana na Benki ya Dunia. Malipo ya wachumaji yalipandishwa ili watu waje kwa hiari, na mwaka 2020 mfumo wa serikali kupanga viwango vya pamba ukafutwa. Shinikizo liliwafaa watawala ambao tayari walitaka kitu kutoka nje.

Xinjiang ni habari nyingine. Eneo hilo hutoa takriban moja ya tano ya pamba ya dunia na sehemu kubwa ya polisilikoni ya paneli za sola. Marekani ilitunga sheria iliyoanza kutumika Juni 2022, inayohesabu kila bidhaa yenye asili ya Xinjiang kuwa ni ya kazi ya shuruti mpaka mwagizaji athibitishe vingine. China inakanusha tuhuma, inaita mpango wake wa kuhamisha wafanyakazi kuwa ni wa kuondoa umaskini, na ina soko la ndani kubwa kiasi cha kuadhibu anayesema. H&M ilipokumbushwa Machi 2021 juu ya tamko lake la kutotumia pamba ya huko, bidhaa zake zilitoweka kwenye maduka makubwa ya mtandaoni ya China.

Soko pia huvuja. Pamba huwa uzi katika nchi moja, kitambaa katika ya pili na shati katika ya tatu. Sheria ya Marekani inamfuata hata yule wa tatu: kiwanda cha Athi River, Kenya, kinachoshona nguo za soko la Marekani kwa vitambaa kutoka Asia kinaweza kudaiwa nyaraka za asili ya pamba. Mwenye mzigo uliozuiwa bandarini naye anaruhusiwa kuupeleka nchi nyingine. Bidhaa iliyokataliwa Los Angeles haipotei duniani. Hutafuta bandari isiyouliza.

Msimamo wa nne: mahakama na sheria ziamue

Watetezi wake wanasema mambo haya yasiachwe kwa dhamiri ya wakurugenzi wala hasira ya wateja. Kanada ilifungua mlango, lakini Marekani iliubana: hukumu za Mahakama ya Juu za 2013, 2018 na 2021, ya mwisho ikiihusu Nestlé na kakao ya Côte d'Ivoire, zimepunguza sana uwezo wa wageni kuyashtaki makampuni huko kwa maovu yaliyotendeka nje. Ufaransa ilitunga mwaka 2017 sheria ya wajibu wa uangalifu kwa makampuni makubwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 katazo la bidhaa za kazi ya shuruti, litakaloanza kutumika Desemba 2027. Tofauti na Marekani, huko mzigo wa kuthibitisha uko kwa mamlaka.

Faida ya sheria ni usawa: kampuni makini haipotezi zabuni kwa kuwa makini. Kasoro zake ni tatu. Ni polepole, kesi ya Bisha ilichukua karibu miaka sita bila hata kufika hatua ya ushahidi. Anayeweza kushtaki ni aliyefanikiwa kutoroka, si aliyebaki. Na suluhu za siri humlipa mdai lakini huuacha umma bila jibu, jambo linalozaa tena mkanganyiko tuliouona mwanzoni.

Mizani

Misimamo yote minne huzunguka swali moja: je, kampuni ilijua? Swali hilo linaipa nafuu kampuni isiyotaka kujua. Katika nchi isiyo na vyombo huru vya habari, vyama huru vya wafanyakazi wala mahakama huru, kutojua ni rahisi na hakugharimu chochote. Swali linalofaa zaidi ni hili: je, palikuwa na njia ya kujua, na kampuni ilifanya nini ilipoona haipo? Segen ilipowakatalia wageni kuyaona makazi ya wafanyakazi, kule kukataa kwenyewe kulikuwa taarifa ya kutosha.

Kutoka hapo tofauti za mazingira zinapata maana. Mnunuzi wa pamba anaweza kuhama msimu ujao, kwa hiyo kuondoka ni silaha yake halisi. Mchimba madini au mjenzi wa bomba hawezi kuubeba mgodi mgongoni. Nguvu yake ni kubwa kabla ya saini, na hupungua kila anapozika fedha nyingine ardhini. Kwake yeye, masharti ya kuwahoji wafanyakazi kwa faragha, kuchagua wakandarasi na kusimamisha kazi wanapozuiwa lazima yawe ndani ya mkataba wa kwanza. Yakikataliwa, hilo ndilo jibu.

Kuondoka nako kusiuzwe kama ukombozi. Kunaondoa mkono wa kampuni na fedha zake, lakini hakumfungui aliyefungwa. Ndiyo maana fidia ni deni linalobaki hata baada ya kuondoka. Ujerumani ilichelewa mno, lakini mfuko ulioanzishwa mwaka 2000 na serikali na viwanda kwa pamoja uliwalipa watu zaidi ya milioni 1.6, zaidi ya nusu karne baada ya vita.

Kwa muhtasari

Dola inayolazimisha watu kazi ndiyo mkosaji wa kwanza, ila ukosaji wake hauifuti dhamana ya kampuni iliyoingia kwa hiari. Hoja ya kubaki inakubalika pale tu ushawishi una kipimo, muda na mwisho. Mgomo wa soko hufaulu dhidi ya serikali inayolihitaji soko hilo, na hudhoofika dhidi ya iliyo na lake. Sheria huleta usawa, lakini zilizopo zinalinda maduka ya matajiri, na ukanda wetu ukibaki bila za kwake utakuwa mahali pa kushushia bidhaa zilizokataliwa kwingine. Kinachohitajika ni kuhamisha mzigo wa kuthibitisha: pale mfanyakazi asipoweza kukataa wala kusema, kampuni ndiyo ioneshe kwamba mikono iliyoijengea ni huru. Ikishindwa, isitie saini. Na kama ilikwishatia, iwalipe waliofanyishwa kazi, hadharani.